Ishara Imfikie Nani: Juu ya Kuandika Amri ya kill Ndani ya Sheli

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, na ndugu zangu mnaoandika programu za mifumo,

Nimeombwa nizungumzie amri moja tu, nayo ni kill, ile inayotuma ishara kwa michakato, yaani programu zinazoendelea kutekelezwa ndani ya kompyuta. Waliopata kuandika sheli yao wenyewe, yaani programu inayosoma amri za mtumiaji na kuzitekeleza, hata ile ndogo ya kujifunzia, wanajua kwamba amri hii huachwa hadi siku za mwisho kwa sababu huonekana nyepesi. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, imekwisha kutoa mwito wa mfumo (njia ya programu kuiomba kerneli huduma) wenye jina hilohilo, unaopokea namba mbili, ya kwanza ikiwa ya mchakato na ya pili ikiwa ya ishara. Kazi inayobaki kwa mwandishi wa sheli huonekana kuwa ni kusoma maneno mawili aliyoyaandika mtumiaji, kuyageuza yawe namba, na kuzikabidhi. Wengi hudhani mistari kumi inatosha. Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba mistari hiyo kumi ina hatari kubwa, kwa kuwa kutuma ishara ni rahisi, ila kujua kwa yakini ni mchakato gani utakaoipokea si rahisi hata kidogo, na karibu kila uamuzi mzito katika kuiandika amri hii unatokana na swali hilo la mpokeaji.

Kuhusu ishara zenyewe sitakaa sana. Ishara ni taarifa fupi mno ambayo kerneli huufikishia mchakato, na kwa zile za kawaida hakuna ujumbe ndani yake zaidi ya namba yake. TERM, ambayo hutumwa pale mtumiaji asipotaja ishara yoyote, huutaka mchakato ujimalize, na mchakato una hiari ya kuikamata, kufunga mafaili yake kwa utaratibu, kisha kuondoka. HUP ilianza kama taarifa kwamba laini ya terminali imekatika, na siku hizi programu nyingi za huduma huichukua kuwa agizo la kusoma upya mafaili ya mipangilio. STOP husimamisha, CONT huendesha tena, na KILL humaliza bila kuuliza. Katika hizo, KILL na STOP haziwezi kukamatwa, kuzuiwa wala kupuuzwa, na ndiyo maana mtumiaji mwenye haraka hukimbilia namba 9, yaani KILL, kabla hajajaribu 15, yaani TERM, tabia ambayo sheli haiwezi kuizuia na pengine haipaswi kujaribu.

Swali la kwanza la kweli ni hili: kwa nini amri hii iwe ndani ya sheli, ilhali mifumo yote ya jamii ya Unix huja na programu ya nje yenye kazi hiyohiyo? Sababu zinazotajwa siku zote ni mbili. Ya kwanza ni kwamba programu ya nje haiwezi kuanzishwa bila sheli kuzaa mchakato mpya kwa fork, na inapotokea mtumiaji amefikia kikomo cha michakato anayoruhusiwa kuwa nayo, fork hushindwa, kwa hiyo amri ambayo ingemwokoa ndiyo hasa asiyoweza kuiendesha. Amri iliyo ndani ya sheli haihitaji kuzaa chochote. Hufanya mwito wa mfumo papo hapo. Ya pili ni kwamba mtumiaji hupenda kuandika %1 au %2 akimaanisha kazi ya kwanza au ya pili alizoziweka nyuma ya pazia, yaani amri zinazoendelea huku yeye akiandika nyingine, na orodha ya kazi hizo imo katika kumbukumbu ya sheli peke yake. Kerneli haijui kabisa kwamba kuna kitu kinachoitwa %1.

Ipo na tofauti ya tatu ambayo haitajwi sana, nami naiona nzito kuliko hizo mbili, kwa sababu inabadilisha maana ya amri bila mtumiaji kubadilisha hata herufi moja. Katika mwito wa mfumo, namba ya mchakato ikiwa sifuri, ishara hupelekwa kwa michakato yote iliyo katika kundi la yule anayetuma, yaani michakato iliyounganishwa chini ya namba moja ya kundi. Sasa fikirini sheli ya kutumiwa moja kwa moja, ambayo mtumiaji huiandikia amri mwenyewe, yenye udhibiti wa kazi, yaani uwezo wa kusimamisha kazi, kuiendesha tena na kuiweka nyuma. Sheli hiyo huweka kila amri ya nje katika kundi lake jipya. Mtumiaji akiendesha programu ya nje ya kill na kuipa sifuri, kundi linaloguswa ni lile la programu hiyo yenyewe, nayo hujimaliza bila madhara kwa wengine. Amri hiyohiyo ikiwa ndani ya sheli, anayetuma ni sheli, na kundi linaloguswa ni kundi la sheli. Mwongozo wa bash, sheli inayotumika sana, unaeleza wazi kwamba bash inapotumiwa moja kwa moja, ikiwa hakuna mtego uliowekwa (agizo la nini kifanyike ishara ikifika), huipuuza TERM ili kill 0 isiimalize sheli yenyewe. Anayehamishia amri hii ndani ya sheli yake bila kuchukua tahadhari ya namna hiyo atakuwa amempa mtumiaji njia fupi sana ya kufunga kikao chake bila kukusudia.

Kutoka hapo tunaingia katika kusoma hoja, yaani maneno yanayofuata jina la amri, na ningependa tukae hapa kidogo, kwa kuwa ndipo mistari ile kumi inapofanya uharibifu wake mkubwa.

Mwito wa mfumo wa kill una maana nne za namba ya mchakato. Namba chanya ni mchakato mmoja. Sifuri, kama nilivyosema, ni kundi langu lote. Hasi moja ni kila mchakato ninaoruhusiwa kuutumia ishara, isipokuwa ile michache ambayo mfumo umeitenga; Linux, kwa mfano, huuacha mchakato wa kwanza pamoja na ule unaotuma. Namba hasi nyingine yoyote ni kundi ambalo namba yake ni ile thamani bila alama ya hasi. Angalieni mpangilio huo ulivyo: thamani mbili ambazo programu za C huzitoa kwa urahisi kupita zote pale jambo linapoharibika, yaani sifuri na hasi moja, hapa ni maagizo halali, tena ndiyo maagizo mapana kuliko yote.

Mwanafunzi anayetumia atoi kugeuza neno kuwa namba atapata sifuri kila neno lisipokuwa namba. Mtumiaji akikosea akaandika jina la programu mahali pa namba, sheli hiyo haitalalamika. Itatuma ishara kwa kundi lake zima. Mtumiaji akiwa na hati, yaani faili la amri za sheli, yenye kigezo kisicho na thamani, kikiwa ndani ya alama za nukuu, amri itapokea neno tupu, na neno tupu kwa atoi ni sifuri vilevile. Kwa hiyo atoi isikanyage mlango wa amri hii. Itumike strtol, kigeuzi kingine kinachoonyesha usomaji ulipoishia, tena kwa ukamilifu wake: pawepo na angalau tarakimu moja iliyosomwa, usomaji uishie mwisho kabisa wa neno, na errno, mahali C inapoandika namba ya kosa, ichunguzwe baada ya kuwekwa sifuri kabla.

Hata hapo kazi haijaisha. Katika mashine nyingi za leo za biti 64, strtol hurudisha namba ya biti 64, wakati aina ya pid_t, inayohifadhi namba za michakato, kwa kawaida ni ya biti 32. Mtumiaji, au programu iliyotengeneza amri kwa niaba yake, akiandika 4294967295, strtol itaisoma bila kosa lolote, kwa kuwa inaingia vizuri katika biti 64. Ikilazimishwa kuwa pid_t itakuwa hasi moja. Ikiwa ni 4294967296, itakuwa sifuri. Hakuna mkusanyaji, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, atakayeshtuka, na ishara itakwenda kwa kila mchakato wa mtumiaji huyo, au kwa kundi zima la sheli. Dawa yake ni mstari mmoja: geuza iwe pid_t, kisha linganisha na thamani ya mwanzo, na zisipolingana, kataa. Ninakiri kwamba mimi ni mkali katika jambo hili kuliko baadhi ya wenzangu, ambao husema hakuna mtu atakayeandika namba kama hiyo; nami huwajibu kwamba amri nyingi za kill haziandikwi na mtu, huandikwa na hati iliyosoma namba kutoka katika faili, na faili huharibika.

Alama ya hasi ina utata wake wa pili, kwa sababu inatumika pia kutanguliza ishara. Kawaida ya zamani, ambayo watu wameizoea mno kiasi kwamba hakuna sheli inayoweza kuiacha, ni kuandika kill -9 au kill -TERM kisha namba ya mchakato. Kiwango cha POSIX, kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix, kinatambua namna hiyo, ila kinaweka mbele namna ya -s ikifuatwa na jina la ishara. Basi mtu akiandika kill -1 peke yake, je, amekusudia ishara ya kwanza na akasahau kutaja mchakato, au amekusudia michakato yote? Akiandika kill -250, je, ni kundi la 250? Kanuni iliyo salama ni kwamba neno la kwanza lenye alama ya hasi ni chaguo siku zote, yaani neno linaloielekeza amri namna ya kufanya kazi, kamwe si mpokeaji, na anayetaka kuanza na kundi bila kutaja ishara lazima atangulize vistari viwili vinavyofunga chaguo, yaani kill -- -250. Hivyo kill -250 huishia kwa kosa la ishara isiyojulikana, na kill -1 huishia kwa maelezo ya matumizi, na hakuna aliyeumia. Baada ya ishara kutajwa, kama katika kill -TERM -250, neno linalofuata ni mpokeaji hata likiwa na alama ya hasi, na hapo ndipo inapoonekana kwamba getopt ya kawaida, ile ya maktaba ya C inayosoma chaguo, haifai sana kwa amri hii, kwani itajaribu kuisoma 250 kama chaguo tatu za tarakimu. Wengi tunaishia kuandika mzunguko wetu wenyewe, mfupi na unaosomeka.

Majina na namba za ishara nitayapitia haraka zaidi. Jina lipokelewe bila kujali herufi kubwa au ndogo, na ingawa POSIX inataka jina lisilo na kiambishi cha SIG, kukipokea ni hisani ndogo ambayo watumiaji wamekwisha kuizoea. Namba zinazoaminika kila mahali ni chache: POSIX imezifunga 1 kwa HUP, 2 kwa INT, 3 kwa QUIT, 6 kwa ABRT, 9 kwa KILL, 14 kwa ALRM na 15 kwa TERM. Nje ya hizo, usiandike jedwali la namba kwa mkono. Katika Linux ya mashine za x86, CONT ni 18, STOP ni 19 na TSTP ni 20. Katika mifumo ya jamii ya BSD, pamoja na macOS, STOP ni 17, TSTP ni 18 na CONT ni 19. Maana yake ni kwamba kill -19 inausimamisha mchakato upande mmoja na kuuendesha upande wa pili. Jedwali lijengwe kwa kutumia majina ya kudumu kutoka katika signal.h, faili la C lenye orodha ya ishara, ili mkusanyaji aweke namba za mfumo husika. Ishara za wakati halisi, yaani zile za ziada ambazo programu hujipangia maana, zina tahadhari yake: SIGRTMIN, namba ya kwanza kati yake, si thamani ya kudumu ya wakati wa kukusanya, hupatikana programu inapoendeshwa, na katika Linux yenye maktaba ya C iitwayo glibc huwa ni 34 kwa kuwa maktaba imejiwekea mbili za mwanzo kwa matumizi yake ya ndani. Toleo la POSIX la mwaka 2024 limeleta sig2str na str2sig zinazofanya kazi hii ya kubadilisha jina na namba, na pale zinapopatikana ni afadhali kuzitumia kuliko kubeba jedwali lako.

Sasa kazi za nyuma ya pazia, ambako sheli inapata faida yake ya kweli. Mtumiaji anapoandika mfereji wa amri tatu, ambamo matokeo ya moja huingia katika inayofuata, na kuuweka nyuma, sheli huzaa michakato mitatu na, ikiwa na udhibiti wa kazi, huiweka katika kundi moja ambalo namba yake ni namba ya mchakato wa kwanza. Akisema kill %1, anamaanisha yote mitatu, kwa hiyo ishara iende kwa kundi. Hapa kuna kishawishi cha kuangalia kama yule mchakato wa kwanza bado yupo, na kama hayupo kusema kazi imekwisha. Kishawishi hicho kikataliwe. Kundi hudumu maadamu kuna hata mwanachama mmoja aliyebaki, na wakati huo wote kerneli haitoi namba ya kundi hilo kwa mchakato mpya. Kwa hiyo kuituma kwa kundi ni salama hata kama kiongozi wake ameondoka zamani.

Mambo yanageuka ndani ya hati. Sheli inayoendesha hati kwa kawaida haina udhibiti wa kazi, na michakato inayoiweka nyuma hubaki katika kundi lilelile la sheli yenyewe. Amri ikichukua namba ya kundi la kazi hiyo na kuituma ishara, itakuwa imejituma yenyewe pamoja na kila kilichoanzishwa na hati, na huenda pia na programu iliyoianzisha hati. Kwa kazi za namna hii sheli lazima ipite katika orodha yake na kutuma ishara kwa mchakato mmoja mmoja, ikiruka ile iliyokwisha kuvunwa, yaani ile ambayo sheli imekwisha kuchukua taarifa ya mwisho wake. Ndiyo kusema kwamba kila kazi katika jedwali la sheli inahitaji alama inayoonyesha kama ilianzishwa chini ya udhibiti wa kazi au la, na alama hiyo iwekwe wakati wa kuzaliwa, kwa kuwa mtumiaji anaweza kuwasha au kuzima udhibiti huo kwa set -m baadaye, na hali ya sasa ya sheli haisemi lolote juu ya kazi iliyoanza zamani.

Kuna kazi iliyosimamishwa, na hii huwachanganya watumiaji wengi. Mtu amebonyeza Ctrl na Z, programu ikasimama, kisha akaandika kill %1. TERM imetumwa na kerneli imeipokea, lakini mchakato uliosimama hauwezi kuishughulikia; ishara hubaki ikisubiri hadi mchakato uendeshwe tena. Mtumiaji anaona kimya, anadhani programu imekaidi, na anachukua namba 9, ambayo haisubiri chochote. Bash hulitatua jambo hili kwa kutuma CONT mara tu baada ya TERM au HUP iwapo kazi imesimamishwa, nami naona kila sheli ifanye hivyo. Mpangilio uwe huo, TERM kwanza na CONT baadaye: mchakato ukiamka unaikuta TERM tayari mlangoni kabla haujatekeleza agizo lingine. Ukianza na CONT unaupa nafasi ya kuendelea na kazi ambayo mtumiaji alitaka isiendelee.

Naja kwenye suala lenyewe la utambulisho. Namba ya mchakato inafanana na namba ya nyumba ya kupanga: inaonyesha pa kubisha hodi, lakini haisemi ni mpangaji yupi anayeishi hapo leo. Mchakato ukiisha na mzazi wake akachukua taarifa ya mwisho wake kwa waitpid, namba huwa huru, na kerneli inaweza kuipa mchakato mwingine wakati wowote. Kikomo cha kawaida cha namba hizo katika Linux kimekuwa 32768 kwa miaka mingi, na katika mashine yenye shughuli nyingi idadi hiyo huzungukwa upesi. Anayeandika kill 5012 kwa kuwa aliiona namba hiyo katika orodha dakika chache zilizopita anatumaini tu kwamba mpangaji ni yuleyule.

Kwa mchakato usio mtoto wake, yaani ambao haikuuzaa, sheli haina la kufanya kwa mwito wa kawaida. Kwa watoto wake, hata hivyo, ina dhamana kamili, mradi isiipoteze kwa uzembe. Mtoto aliyekufa ambaye hajavunwa na mzazi wake hubaki katika hali ya zombi, na maadamu yuko hivyo, namba yake haigawiwi mtu. Sheli inayomjua mtoto wake kuwa hajavunwa inaweza kutuma ishara kwa namba yake bila shaka yoyote: ama mtoto yu hai na ataipokea, ama ni zombi na ishara haitadhuru mtu. Hatari inaingia pale sheli inapovuna watoto ndani ya kishughulikia cha SIGCHLD, yaani kipande cha programu kinachoitwa pale ishara ya kufa kwa mtoto inapofika, ambacho huweza kukatiza programu popote. Amri ya kill imesoma jedwali, imeona mtoto bado yupo, na kabla haijafanya mwito wa mfumo, SIGCHLD inafika, kishughulikia kinamvuna mtoto, namba inaachiwa, mchakato wa mtu mwingine unaipata, ndipo mwito unafanyika. Nafasi ya kutokea ni ndogo, lakini ikitokea haiachi alama ya kuifuatilia. Basi ama SIGCHLD izuiwe kwa sigprocmask kuanzia kusoma jedwali hadi mwito wa mfumo urudi, ama, na hii ndiyo njia ninayoipendelea, kishughulikia kiweke alama tu na uvunaji wote ufanyike katika mzunguko mkuu wa sheli, mahali ambapo hakuna amri nyingine inayoendelea. Dhamana hii haivuki kwenda katika sheli ndogo, yaani nakala ya sheli inayozaliwa kutekeleza amri zilizo ndani ya mabano. Mtumiaji akiiweka kill %1 ndani ya mabano, sheli ndogo imerithi nakala ya jedwali, lakini watoto si wake tena. Mzazi anaweza kuwavuna wakati wowote bila nakala hiyo kujua.

Linux ilileta mwaka 2019 njia ya kuziba pengo hili kwa michakato yote: pidfd_open, inayotoa kishikio cha faili kinachoshika mchakato fulani na si namba yake, na pidfd_send_signal, inayotuma ishara kupitia kishikio hicho. Mchakato ukiwa umekwisha, mwito hukataa hata kama namba imepewa mwingine. Ni zana nzuri kwa programu zinazosimamia huduma kwa muda mrefu. Kwa amri ya kill inayopewa namba na mtumiaji haisaidii sana, kwa sababu kishikio kinafunguliwa kwa namba ileile ambayo mtumiaji aliiona zamani, na pengo lenyewe lilikuwa kati ya macho yake na vidole vyake.

Baada ya kutuma, kuna kuripoti. Mwito hurudi na makosa ya aina tatu tu yanayotuhusu: EINVAL kwa ishara isiyokuwepo, ESRCH kwa mpokeaji asiyekuwepo, na EPERM kwa kukosa ruhusa. Ruhusa yenyewe hutegemea kitambulisho cha mtumiaji: kitambulisho halisi au tendaji cha mtumaji kilingane na kitambulisho halisi au kilichohifadhiwa cha mpokeaji, isipokuwa kwa CONT, ambayo yaweza kutumwa kwa mchakato wowote wa kikao kilekile. Ishara ikipelekwa kwa kundi, mwito huhesabiwa kuwa umefaulu hata ukimfikia mwanachama mmoja tu, kwa hiyo kufaulu kusitangazwe kana kwamba wote wamepokea. Wapokeaji wakiwa wengi katika amri moja, kosa la mmoja lisiwazuie wanaofuata. Ujumbe uandikwe kwenye mkondo wa makosa ukitaja mpokeaji kama mtumiaji alivyomwandika, %2 ikibaki %2, kisha kazi iendelee. Namba ya matokeo, ambayo amri huirudisha inapomaliza, ndipo watu wanapotofautiana: POSIX inataka sifuri iwapo tu kila mpokeaji aliyetajwa ameshughulikiwa, wakati mwongozo wa bash unasema sifuri hurudishwa iwapo angalau ishara moja imetumwa. Mimi niko upande wa POSIX, kwa sababu hati inayouliza kama kazi imefanyika inastahili kujibiwa kwa ukamilifu.

Ishara sifuri inahitaji maelezo katika mwongozo wako, kwa kuwa hati nyingi huitumia kuuliza kama mchakato upo. Kerneli hukagua kuwepo na ruhusa, kisha haitumi kitu. Jibu la kukosa ruhusa maana yake mchakato upo. Jibu la kufaulu halimaanishi kwamba unafanya kazi, kwani zombi naye hujibiwa hivyo.

Chaguo la -l huorodhesha majina, na likipewa namba hutoa jina lake. Lipokee pia namba ya matokeo ya mchakato uliomalizwa na ishara: sheli nyingi huongeza 128, hivyo 143 ni TERM na 137 ni KILL, ila sheli ya ksh93 huongeza 256, na POSIX yenyewe inasema tu kwamba namba iwe kubwa kuliko 128. Tumia hesabu ya sheli yako mwenyewe, si ya jirani.

Limebaki jaribio, na hapa natoa tahadhari ya kiutendaji. Majaribio ya amri hii yana uwezo wa kumaliza programu inayoyaendesha. Kuyaanzisha kwa setsid, inayofungua kikao kipya, hulinda dhidi ya sifuri iliyopotea njia, kwa kuwa kundi linaloguswa ni jipya, lakini hakulindi dhidi ya hasi moja, ambayo haijali kundi wala kikao. Kwa Linux, yaendeshwe ndani ya eneo tengwa la namba za michakato, ambamo hasi moja haivuki mpaka. Kwa mifumo mingine, yaendeshwe chini ya mtumiaji asiye na mchakato mwingine wowote. Na yaanze na yale ambayo amri inapaswa kuyakataa, yaani neno tupu, jina lisilo namba, tarakimu zenye herufi mkiani, 4294967295 na 4294967296, kill -1 bila mpokeaji, na %9 wakati kazi ni mbili, na katika kila moja kihakikishwe kitu kimoja zaidi ya ujumbe wa kosa: kwamba mchakato shahidi uliowekwa katika kundi lilelile bado yu hai.